Ndimu Niliyoitia Kwenye Gongo

Siku ya ujana wangu ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni Jumapili moja ya mavuno, nyumbani kwetu karibu na Kolandoto. Nilikuwa nauza gongo. Shangazi yangu Kabula ndiye aliyeipika. Mimi niliichanganya na soda, tangawizi na ndimu, na vijana waliorudi kutoka machimbo ya Geita waliipenda kuliko bia. Serikali ilikataza, nasi tulijua. Madumu tuliyafukia kwenye pumba.

Siku hiyo gongo ya shangazi iliisha mapema. Nikachukua dumu la gongo kwa mtu nisiyemjua, aliyepita na baiskeli. Ilinuka vibaya, si harufu niliyoizoea. Sikuimwaga. Niliongeza ndimu.

Masanja, jirani yetu mchimbaji, ndiye aliyeanza, akanywa glasi tatu. Wenzake bahati yao walichelewa mpirani. Kesho yake asubuhi mkewe akaja kuniambia mumewe anatapika na anaona ukungu. Tukampeleka hospitali. Daktari akauliza amekunywa nini. Mkewe hakujua. Mimi nilijua, nikanyamaza hadi mchana, kwa kuogopa polisi.

Shangazi alipofika nikamweleza, tukiwa nje ya wodi. Hakupaza sauti.

"Ng'wanawane, mwanangu, ile ndimu uliitia ili nani asijue?"

"Wateja, shangazi."

"Na sasa umenyamaza ili nani asijue?"

Akanishika mkono mpaka kwa daktari, nikasema yote. Daktari akabadilisha dawa palepale.

Masanja alipona, ila macho hayakurudi. Anaona vivuli tu. Mgodini hakurudi tena. Siku hizi anasuka kamba. Nilipomwomba msamaha, alisema, "Nimekusamehe, Mama Shija. Lakini yale masaa ya asubuhi, ningeyapata, ningefurahi."

Nimezeeka na maneno hayo.

Kwa hiyo, mwanangu, uwe unauza pombe, uji au dawa, kitu kikinuka vibaya kimwage. Usitafute cha kukifunika. Na ukishamdhuru mtu, sema mara ya kwanza unapoulizwa, hata kama mwenye kuuliza amevaa sare. Mungu akupe ulimi mwepesi siku hiyo, na amlinde kila atakayepokea kikombe kutoka mkononi mwako.