Wanane kwenye Ruta ya Mwinshehe

Fundi Mwinshehe wa Kibirizi hakuwahi kumnyima jirani nywila ya intaneti yake. Na hata angetaka kuwaondoa waliokwisha kuijua, asingeweza. Kampuni iliyomfungia ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti, ilikuwa imefunga mipangilio yote: nywila imebandikwa chini ya kisanduku na haibadilishwi, vifaa vinavyoruhusiwa ni vinane tu, na cha tisa kinabaki nje hata kikiwa cha mwenye nyumba. Unalipia kitu chako, halafu unapangiwa utakavyokitumia. Hilo linanikera mpaka leo.

Mkewe, Bi Shadia, alikuwa kiziwi tangu utotoni na hakusoma. Walizungumza kwa mikono, kwa ishara walizozitunga wenyewe katika miaka thelathini ya ndoa. Alipopelekwa Dar es Salaam na mpwa wake Nasri kupasuliwa moyo, simu ya sauti haikuwafaa kitu. Walihitaji kuonana, na mtandao wa simu huku kwetu chini ya kilima haubebi picha.

Upasuaji ulipangwa Alhamisi. Nasri angepiga saa nane mchana, kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Bi Shadia alikuwa anaogopa, akataka kwanza amwone mumewe.

Bahati mbaya ilikuwa mbalamwezi. Siku hizo dagaa hawafuati taa wala hawavuliwi, wavuvi wote wako nchi kavu na simu zao, na nywila ile tuliijua kwa kichwa. Jumatano Mwinshehe alijaribu kumpigia mkewe, akabaki nje ya ruta yake mwenyewe.

Hakutuambia. Aliamua kuiondoa programu ya kampuni ndani ya ruta na kuweka nyingine ya bure, ambayo ingemruhusu kubadili nywila na kuitanguliza simu yake. Ni kazi ya dakika kumi, ila umeme ukikatika katikati, ruta inakufa. Kwa kuwa umeme wetu hauaminiki, Alhamisi saa saba aliazima betri ya taa za kuvulia kwa Martini, mvuvi wa nyumba ya pili, akaiunganisha.

Taa hizo ndizo zilizomlisha Mwinshehe. Miaka ishirini amepima betri za wavuvi, na alijua vizuri kwamba wakati wa mbalamwezi hakuna anayehangaika kuzichaji. Siku hiyo hakupima. Betri iliisha kabla programu haijamaliza kuingia, na ile ruta haikuwaka tena.

Alichukua bodaboda mpaka mjini, ambako mtandao wa simu unabeba picha. Alipompata Nasri, Bi Shadia alikuwa ameshaingizwa. Nasri alisema shangazi yake aliishika simu mpaka mlangoni, akiuliza kwa mkono mmoja mume wake yuko wapi. Hakuzinduka.

Msibani Martini alimkalia karibu, macho mekundu.

"Mzee, ungesema tu. Tungezima simu zetu."

"Nilijua mngezima," Mwinshehe alimjibu. "Niliona haya kuwaondoa watu kwangu."

Wote wakaanza kumwambia pole upya. Mimi nilishindwa. Ile Jumatano nilikuwa mmoja wa wale wanane, nimelala kitandani natazama marudio ya mpira. Dirishani nilimwona Mwinshehe uani kwake, anaizima simu, anaiwasha, anajaribu tena. Nilijua kabisa amekosa nafasi. Nikaendelea kutazama mpaka mechi ikaisha.