Kichekesho cha Jumapili Sebuleni Kwangu

Runinga alininunulia mwanangu baada ya baba yake kufariki, ili nisikae kimya. Alifunga sola, akaunganisha king'amuzi, akarudi Arusha, nami nikabaki hapa Nangwa na kitu kinachoongea kutwa bila kuniuliza nimeamkaje.

Nyumba ilichangamka vijana walipogundua kichekesho cha Jumapili alasiri. Kilikuwa cha watu wazima. Onyo liliandikwa mwanzoni kabisa, na nadhani onyo ndilo lililowaleta. Walikuja wakitoka kanisani, wanafunzi wa sekondari, watoto wa majirani pamoja na wawili watatu wa wafugaji wa upande wa Gendabi. Wakavua viatu mlangoni, "Shikamoo bibi," kisha wakajipanga mkekani. Mimi nilipika makande ya sufuria kubwa. Kichekesho chenyewe kilikuwa cha hovyo: ushuzi, ulevi, wanaume wanaokimbia bila suruali. Nilicheka kuwashinda. Bibi yangu kule Bashay alitusimulia makubwa kuliko hayo huku anachambua maharage, maana kwetu bibi na mjukuu hutaniana bila kuoneana haya. Mama asingethubutu kutamka hata nusu yake.

Kisha shemeji yangu, mdogo wa marehemu na mzee wa kanisa, akamsikia binti yake anarudia neno fulani jikoni. Alikuja kwangu na kofia mkononi.

"Shemeji, hicho kitu wanachoangalia hapa, kinawafaa watoto?"

"Njoo Jumapili uone mwenyewe," nikamjibu.

Alikuja, nikampa kiti cha marehemu. Nilichosahau ni kwamba mke wa mwanawe huniletea maziwa siku hiyo. Aliingia na mtoto mgongoni, akamwamkia baba mkwe wake kichwa kikiwa chini, akakaa karibu na mlango. Na kichekesho cha siku hiyo, jamani, kilihusu mzee aliyemfungulia mkwewe mlango wa bafu. Yule mleta maziwa alijifunika kanga mpaka machoni, akatoka. Shemeji aliinamia kofia yake. Hakuna kijana aliyecheka. Nilitafuta rimoti kila mahali, kumbe nimeikalia.

Nje, shemeji alishindwa hata kutaja kilichomuudhi. Angeanzaje, na mkwewe amekisikia?

"Sema wewe," aliniambia. "Wewe ni bibi yao, unaweza kuyazungumza hayo. Utakalosema, wazazi tutalifuata."

Jibu la kunifaa mimi nililijua. Nikisema kinafaa, Jumapili nyumba inajaa tena. Ningemwambia kwamba kosa lilikuwa la kuwakalisha mtu na mkwewe chumba kimoja, na watoto wakiwa na bibi hakuna ubaya. Na si uongo. Nilimwomba anipe siku chache.

Katikati ya wiki runinga ilirudia kimoja cha wiki za nyuma, nikakiangalia peke yangu, bila makande na bila kelele. Kulikuwa na kipande ambamo mlevi mmoja anampiga msichana wa baa makalioni na ukumbi mzima unaangua kicheko. Nilikikumbuka. Wavulana walikuwa wamecheka papo hapo. Wasichana waliwatazama wavulana kwanza, ndipo nao wakacheka, na binti wa shemeji alicheka wa mwisho. Bibi yangu alikuwa na mdomo mchafu, lakini katika hadithi zake mwanaume wa namna ile alirudi nyumbani na jino pungufu. Sisi tulijifunza pale namna ya kukataa. Hawa walikuwa wanajifunza kuchekelea.

Nilimwambia shemeji hakifai. Nikaongeza haraka kwamba waje tu, tutaangalia mpira, au tutazima tuongee. Alinishukuru sana, akaenda.

Jumapili nilipika sufuria ile ile. Niliwasikia wakipita barabarani kutoka kanisani, wanacheka mambo yao. Mmoja alipaza sauti, "Shikamoo bibi!" bila kusimama. Niliitikia marahaba, na nilipofika mlangoni walikuwa wameshakunja kona kwa jirani. Iliniuma. Nilikuwa nimejiambia kwamba angalau wachache walikuja kwa ajili yangu.

Saa yake ilipofika niliwasha runinga. Yule mlevi aliteleza, akatumbukia kwenye pipa la pombe, akatoa ushuzi mrefu, nami nikacheka kwa nguvu, kicheko cha kweli kabisa, nikageukia mkekani kuona nani mwingine kacheka. Mkeka ulikuwa mtupu. Miezi yote ile, mbele ya watoto wa watu, kichekesho kile hakikuwahi kunitia haya. Siku hiyo kilinitia.