Leso ya Manjano Sokoni Kosele

Chekeni, lakini chekeni polepole, maana bado naona haya hata nikiwa peke yangu.

Jumamosi nilishuka basi Kosele nikitoka Kericho, kwenye kazi yangu ya kukagua majani chai. Huko hunisifu kwa jicho kali: nikitupia kikapu macho mara moja, najua jani lipi limekomaa mno.

Mvua ilikuwa imekatika. Ukungu na moshi wa samaki vilielea juu ya soko, watu wakipita ndani yake kama wako ndotoni. Ndipo nikaiona leso ya manjano niliyomtumia mke wangu, Akinyi, wakati wa Krismasi. Jicho lilishika rangi ile tu. Mengine nilijijazia mwenyewe. Nikamwona Akinyi mzima, shingo yake, mabega yake, hata tabasamu ambalo mgongo ulilificha. Nikanyata kati ya mafungu ya viazi, nikamziba macho kwa viganja vyangu viwili.

"Mimi ni nani?" nikamnong'oneza. "Ukikosea, unanipikia kuku."

Muuza samaki alisimamisha kisu hewani.

Nyuma yangu, sauti niliyoiota miezi yote ikasema taratibu, "Baba Otieno, mwachie mama. Leso nilimpa yeye."

Kwetu Wajaluo, mwanamume hamsogelei mama mkwe hata kumpa mkono. Wakikutana njiani, anampisha. Soko zima lilijua hivyo. Viganja vyangu vikabaki palepale machoni pake, kwa sababu nikiviondoa tu, ataniona.