Sentensi Moja ya Posa

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Nimekifundisha hapa Kibaha kwa miaka mingi kiasi kwamba wanafunzi wangu wa mwanzo sasa wananiletea watoto wao. Shuleni najulikana kwa mambo mawili: sipendi daftari lenye mafuta ya maandazi, na sipendi Kiingereza kinachotamkwa kama Kiswahili. Nilichekwa sana nilipokuwa msichana kwa kosa hilo la pili, na nikaapa sitachekwa tena. Nikajifunza kuficha irabu, kulegeza ulimi, na kupitisha maneno puani kidogo. Nikawa hodari, na sioni haya kulisema hilo.

Basi mwanangu wa pekee, aliyekwenda Hispania kusoma akabaki huko kufanya kazi, akapata mchumba. Mambo ya dini waliyazungumza wenyewe wakaelewana. Likabaki tatizo moja, nalo ni bibi. Yule binti amelelewa na bibi yake kijijini tangu akiwa mdogo, na bibi alisema hamtoi mjukuu wake kwa kijana asiyejulikana ametoka kwa nani. Alitaka watu wetu wamwombe wenyewe, kwa lugha anayoisikia, na mkalimani hamtaki kwa sababu mkalimani anaweza kusema lolote. Binti naye akasema wazi kwamba bila neno la bibi, hakuna ndoa. Nauli na viza hatukuviweza. Bibi akakubali simu ya video. Ikapangwa Jumapili alasiri, nyumbani kwa mama yangu Kisarawe, ambako posa zote za ukoo wetu ndiko zinakoanzia.

Kwetu mama wa mwanamume hasemi kwenye posa. Kazi hiyo ni ya mshenga, na mama hukaa kando akisubiri majibu kama watu wengine. Mshenga wetu miaka yote ni kaka yangu mkubwa, mtu wa maneno matamu ambaye hajawahi kurudi mikono mitupu. Alipoambiwa ni Kihispania, alicheka mpaka akashika ukuta.

“Mdogo wangu, ulimi wangu umeshakomaa,” alisema. “Lugha za watu unazo wewe. Safari hii mila itusamehe, utasema mwenyewe.”

Nilijifanya kusita. Ukweli ni kwamba nilikuwa naitamani kazi hiyo tangu mwanzo.

Mwanangu akaniwekea masomo kwenye simu. Yalikuwa yametungwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiingereza, na kila sauti ya Kihispania ilielezwa kwa kufananishwa na sauti ya neno fulani la Kiingereza. Nikaona hapa nimefika nyumbani. Kwa wiki tatu nilifanya mazoezi nikipika, nikifua, nikisahihisha madaftari. Nilifanya hata njiani nikienda mtaa wa Kwa Mathias kununua mboga, mpaka mama wa genge akaacha kupanga nyanya zake akanitazama usoni.

“Mwalimu, jino linakusumbua? Weka karafuu, utanishukuru.”

“Sina jino bovu. Najifunza Kihispania.”

“Ahaa. Basi pole zaidi.”

Sentensi yenyewe mwanangu aliniandikia: *Señora, venimos a pedirle la mano de su nieta para nuestro hijo.* Yaani, mama, tumekuja kuomba mkono wa mjukuu wako kwa ajili ya kijana wetu. Nilipoona nimeiweza, nikairekodi nikamtumia. Jibu lilikuja jioni. Alisema mchumba wake amesikiliza, na anasema naongea kama wale watalii wa Kiingereza wanaokwenda kwao kuota jua.

Nilifurahi siku nzima iliyofuata. Nilimsimulia mwalimu wa Jiografia katika chumba cha walimu, naye akanipongeza kwa kunishika mkono. Mtoto wa Kisarawe, niliyekwenda shule peku, leo nafananishwa na Mwingereza! Haikunijia hata mara moja kwamba binti wa watu alikuwa ananionya kwa adabu.

Ijumaa nikaenda Kisarawe mapema ili nisaidie maandalizi. Mama yangu hakusoma shule. Alisoma chuo cha Kurani, msahafu anausoma mpaka leo bila miwani, lakini Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Alikuwa ameketi kwenye mbuzi akikuna nazi. Mimi nilikaa karibu yake na simu yangu. Simu ilisema, nami nikafuatisha. Simu ikasema tena, nikafuatisha tena. Mama akanisikiliza weee, kisha akasimamisha mkono.

“Mwanangu, mbona wewe unayatafuna hayo maneno? Mwenye simu hayatafuni.”

“Ndivyo yanavyotamkwa, mama.”

“Hapana. Yeye anasema hivi.” Na akaisema sentensi nzima, huku mkono ukirudi kwenye nazi. Kila irabu ilisimama wima mahali pake. Ile “ny” ya *Señora* aliisema kwa wepesi uleule anaotajia nyanya. *Hijo*, yaani kijana, iliyonitoa jasho kwa wiki tatu, aliitoa kooni kama anavyomtakia mtu kheri.

“Mama, hivyo unavyosema si kama Kiingereza,” nilimwambia.

“Kwani ni Kiingereza?”

Niliudhika, nakiri. Nilichukua simu yangu nikaenda kuendelea na mazoezi nyuma ya nyumba, kwa sauti ya juu zaidi.

Jumapili alasiri tukaketi kwenye mkeka sebuleni, kaka yangu na kanzu yake iliyopigwa pasi mpaka inang’aa, mimi katikati, mama nyuma yetu na khanga mpya. Simu tuliiegemeza kwenye chupa ya chai. Ikaita, ikapokelewa, akatokea bibi aliyevaa sweta nyeusi, uso umekunjamana na macho makali. Mjukuu wake alikuwa pembeni. Mwanangu alisimama nyuma yao, mikono ameifunga.

Nikasalimu. Nikaisema sentensi yangu, polepole, kama nilivyofundishwa na simu.

Bibi akamgeukia mjukuu wake. Binti akatazama chini. Nikairudia, mara hii kwa nguvu, kama ninavyowafanyia wale wa benchi la nyuma. Bibi akainamia simu, akanitabasamia kwa huruma, na akanipa neno la Kiingereza ambalo nadhani ndilo pekee alilokuwa nalo.

“Helo,” alisema. “Helo, helo.”

Mwanangu akafungua mdomo ili atafsiri, bibi akamwinulia kiganja anyamaze. Nikauona uso wa mwanangu. Alikuwa ameuma mdomo wa chini, vilevile alivyokuwa akifanya zamani akisubiri matokeo ya mtihani. Hapo ndipo nilipowaelewa wale watalii wa kuota jua. Masikio yaliniwaka moto. Lakini aibu haikunisumbua kama hofu: kijana wangu angemkosa mwanamke anayempenda kwa sababu ya mdomo wangu, mdomo ambao nimejivunia maisha yangu yote.

Nikaichukua simu pale kwenye chupa ya chai, nikageuka.

“Mama, sema wewe.”

“Mimi tena?”

“Ile sentensi. Sema kama ulivyosema juzi.”

Kaka yangu alinikodolea macho. Mama hakubishana. Aliweka khanga yake vizuri kichwani, akasema bismillahi, akaanza. Neno moja la katikati lilimponyoka, akalirudia bila haraka, akaendelea mpaka mwisho. Alipofika kwenye *hijo* alijigusa kifuani.

Bibi wa kule naye akaweka mkono kifuani. Kisha akaanza kusema, na alisema mengi. Mama yangu, ambaye hakuwa anaelewa hata neno moja, alimwitikia pale pote panapostahili: “Eeh. Ndiyo, mama. Alhamdulillahi.” Bibi akapumua, mama naye akasema yake kwa Kiswahili, kuhusu mwanangu, kwamba si mlevi, kwamba anapenda ugali wa moto, na bibi akaitikia kwa kichwa kana kwamba ugali anaujua. Walikwenda hivyo kwa muda mrefu, na hakuna aliyemkatiza mwenzake.

“Sasa ametukubali au bado?” kaka yangu alininong’oneza.

Mwanangu alisikia. Alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati. “Amekubali, mjomba. Anasema huyu sasa ni binti yenu.”

Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatokea mlangoni. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuipunguza kwa kuieleza. Kaka yangu alikuwa ameshaanza kuuliza kuhusu mahari, mshenga ni mshenga, wakati bibi alipomvuta mwanangu shati na kumuuliza jambo. Mwanangu akasita.

“Anauliza,” alisema, “yule Mwingereza aliyeanza kuongea ni nani?”

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Kaka yangu alilala kabisa kwenye mkeka, kanzu yake na pasi yake yote. Nami nikacheka, ingawa kilinichoma. Mama peke yake hakucheka. Alinigeuzia simu mpaka uso wa bibi ukawa mbele ya uso wangu.

“Mjibu mwenyewe,” alisema.

Sikukumbuka masomo ya simu. Sikuficha irabu wala sikulegeza ulimi. Nilifungua mdomo kama ninavyoufungua kumwita mtu wa nyumbani aje kula.

“*Soy la madre*,” nilisema. Mimi ndiye mama yake.

Safari hii bibi hakumgeukia mtu amweleze.

“*La madre*,” alisema, akamshika mjukuu wake mabega na kumsogeza mbele ya simu, ili nimwone vizuri.