Tone la Maji ya Kinamasi

Watu wa ziwa lile wana ugonjwa mmoja. Kila kiangazi maji yakifanya utando ufukweni, husema ni chavua tu ya misonobari, kisha hao, majini! Ni kweli misonobari humwaga unga wake wa manjano kila mahali, mpaka kwenye kahawa. Lakini si kila kinachoelea ni chavua, jamani. Orvokki Hietala alilisema hilo miaka nenda miaka rudi. Alikuwa amestaafu kazi kwenye maabara ya mji, ambako kazi yake ilikuwa kuinamia hadubini na kuutambua mwani mdogo usioonekana kwa macho, upi wa sumu na upi si wa sumu. Goti lilikuwa bovu, ulimi mzima.

Mkesha wa Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, kaka yake mdogo, Tarmo, alimwekea glasi ya maji mezani, kando ya viazi vipya.

"Haya dada, tazama, halafu utuache tuoge. Wajukuu wangu wametoka Gothenburg, nawaona mara moja tu kwa mwaka."

"Umechota wapi?"

"Gatini, wapi tena? Unataka niape?"

Orvokki akaweka tone kwenye kioo, akaiinamia hadubini yake. Chavua, kweli: punje zenye vifuko viwili vya hewa, kimoja huku kimoja kule, kama masikio ya panya. Moyo ukatulia. Alikuwa karibu kusema nendeni, ndipo akaona kitu cha kijani kilichopinda kama mwezi mchanga. Pembeni yake kingine cha mviringo, kimekatika katikati, nusu hii sawasawa na nusu ile, kingo zina meno. Mwani mzuri ajabu, tena hauna madhara. Ila ziwani kwao haukai. Unapenda maji ya kahawia, machachu, ya kinamasi, na kinamasi kilikuwa nyuma ya banda la kuni.

Damu ikamchemka.

"Tarmo! Mwongo mkubwa wewe! Haya ni maji ya kinamasi!"

Tarmo alikuwa nje anageuza soseji. "Umejuaje? Yameandikwa jina?"

"Jina naliona hapa! Unanifanya mimi mtoto?"

"Dada, umezeeka na vidudu vyako. Waache watoto wafurahi!"

 Orvokki alichukua glasi nyingine akashuka gatini akichechemea, anamtukana kwa kila hatua. Alichota, akainua glasi kwenye mwanga: chembe za kijani zilikuwa zinapanda juu taratibu. Akarudi kwenye hadubini. Nyuzi za shanga, zimejisokota kama springi ya kitanda, na hapa na pale shanga moja kubwa kuliko wenzake, imepauka, kama tupu. Mwani wa sumu, na ulikuwa tele.

Na kwenye sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke, ndoo za maji yale yale zilikuwa zimeshapangwa, tayari kumwagwa juu ya mawe ya moto. Watoto wangeuvuta mvuke wake mpaka mapafuni! Orvokki akaingia bila kubisha.

"Nje! Wote nje!"

Akazimwaga ndoo kwenye nyasi, moja baada ya nyingine. Watoto wakatoka na taulo zao wakilia. Tarmo akaja mbio, uso mwekundu.

"Umetuharibia Juhannus! Nimeishi hapa maisha yangu yote, mimi silijui ziwa langu? Ni chavua! Kila mwaka ni chavua!"

"Basi kanywe!" Orvokki akafoka. "Nenda kachote, unywe mbele yangu!"

Binti yake Tarmo, Sointu, mama wa wale watoto, alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo.

"Baba," akasema, "kama uliamini ni chavua, kwa nini shangazi hukumchotea maji ya ziwani?"



Sointu hakusubiri jibu. Alipiga magoti kwenye nyasi, akaanza kuwavisha watoto viatu, akamwambia mkubwa akalete mabegi.