Dizeli ya Lambo la Mwandoya

Niliondoka Bariadi kwa ajili ya mashine yangu ya kusaga. Soko huria lilikuwa limetuletea kila kitu isipokuwa dizeli ya bei nafuu, na Hemedi, mwenye duka la jirani, alishaanza kuizungukazunguka mashine akitaka nimuuzie. Nilimwomba asubiri. Mdogo wangu Masanja alikuwa amenitumia salamu kutoka Mwandoya kwamba anafuga mwani, ule utando wa kijani unaoelea lamboni, na kwamba ukikamuliwa hutoa mafuta ya kuendesha injini. Maarifa hayo aliyapata kwenye semina Mwanza, alikofuata posho.

Njiani nilipanda lori la pamba, nikakaa mbele. Dereva aliposikia nafuata dizeli inayoota majini, alicheka hadi akapunguza mwendo. Nilimnunia mpaka Mwandoya.

Mchana nilifika. "Mwadila, dada," Masanja akanipokea kwa salamu yetu ya Kisukuma, akanipeleka moja kwa moja lamboni. Alinieleza kwamba mwani huchujwa kwa kanga, huanikwa, kisha hukamuliwa kwenye kinu cha alizeti. Kanga yenyewe ilikuwa yangu, niliyoitafuta tangu Pasaka. Alinionyesha chupa ya soda yenye mafuta ya majaribio, akaahidi kwamba kesho tutavuna lambo zima. Nilimwamini, kwa kuwa niliipenda mno mashine yangu.

Asubuhi, kabla hatujalowesha kanga, wakaja ng'ombe wa jirani, wana kiu. Walinusa ukijani ule, wakasita. Nikamwambia Masanja awafukuze.

"Dada, hebu mwone yule dume mweupe," akasema.

Kisha akaanza kupiga mluzi, ule wa taratibu ambao kwetu ng'ombe hupigiwa ili anywe ashibe. Wakaingia wote. Kadiri walivyokunywa ndivyo alivyozidi kupiga, na walipotoka lambo lilikuwa tope tupu.

"Masanja, umewapigia mluzi."

"Walikuwa na kiu, dada."

Nilikasirika, nikatamani kumchapa kwa kanga yangu. Aibu ni kwamba midomo yangu nayo ilikuwa imeshakaa mkao wa mluzi.

Nilirudi Bariadi na ile chupa ya soda. Nilichojifunza ni kwamba Masanja hakudanganya: mwani una mafuta. Ila anayetaka kuufuga kwetu amtafute Msukuma asiyependa ng'ombe, na mimi simjui hata mmoja.

Jioni Hemedi alikuja na spana. Nikayamimina mafuta ya Masanja kwenye koroboi, yakawaka vizuri kabisa. Nilimmulikia mpaka akafungua nati ya mwisho ya mashine.