Bwana Yangu Aligomea Sura Mpya ya Mutandao, Mama Yake Akakufa Akimungojea

Mama huyu wa Bukavu ametuomba tufiche jina lake. Mumusome mpaka mwisho kabla ya kumujibu.

Niko na miaka trente-six (36), mama wa watoto wanne. Ninauzisha vitenge pale Nyawera, tunakaa Kadutu. Bwana yangu ni enseignant, mwalimu wa masomo, mutu wa Mwenga. Mama yake ndiye alimusomesha, kwa kutwanga mawe ya dhahabu kwenye kinu mpaka mabega yakaharibika. Muishike hiyo, juu bila hiyo mutasema ninamuzarau bwana bure.

Munakumbuka ule wakati mutandao ulibadilisha sura. Asubuhi moja tulifungua téléphone, bouton ya messages imetoka juu imeenda chini, rangi si ile, picha zimekuwa kubwa kama bâche ya kufunika lori. Mimi nilitafuta kidogo, nikaona, nikaendelea kuweka vitenge vyangu. Wengine walilia. Watu wazima, wenye kuoa na kuolewa, waliandika kwamba wameonewa, kwamba wanahama, hawatarudi hata siku moja. Na waliyaandika pale pale, ndani ya ule mutandao wanaouhama. Kesho yake unawakuta wameweka picha za harusi.

Bwana yangu akawa kichwa yao. Alifungua groupe ya kudai sura ya zamani, watu wakaingia maelfu, wakaanza kumuita Président. Mwanaume ambaye hajawahi kumusemesha mwenye nyumba juu ya mabati yanayotuvujia, sasa alikuwa anaandika "hatutakubali" kabla hajanawa uso. Mwishowe akatangaza mugomo: juma nzima mutu asifungue. Akaeleza kwamba atakayefungua ataonekana kwa kile kitone cha kijani kando ya jina, na huyo ataitwa musaliti.

Mugomo ulikuwa katikati mama yake aliposhikwa na ugonjwa. Kule kijijini kwao simu ya kawaida haishike, kuko tu internet ya kulipia karibu na shimo za dhahabu, kwa hiyo habari zote zinapita mu messages. Semeki yangu, mudogo wa bwana, alimuandikia tena na tena bila jibu. Akaniandikia mimi, juu mimi sikugoma kitu, wateja hawagomi. Aliandika kwamba mama amezidiwa, hali chakula tena, na amemurekodi sauti yake. Hiyo sauti ameituma kwa bwana peke yake, mama amekataza mutu mwingine asiisikie. Tafazali nimuambie afungue.

Nilimupelekea bwana téléphone, nikamusomea yote. Aliangalia kabati. Nikafikiri anawaza nguo za safari. Akaniambia:

— Ngoja mugomo iishe. Nikifungua leo batasema nini? Miye njo président.

— Mama yako anakufa, Papa Neema.

— Bazee banagonjwaka. Na banaponaka.

Nilimuangalia nikashindwa hata kukasirika. Niliona tu jinsi mutu anaweza kuwa mudogo.

Niliachia dada yangu watoto na meza ya sokoni, nikapanda jeep ya Mwenga. Tulikwama mu matope mpaka nikakata tamaa, lakini nilifika mama angali anapumua. Alinitambua. Akaangalia nyuma yangu, akauliza mutoto wake iko wapi. Nilimudanganya kwamba gari yake imekwama, anakuja. Alifurahi. Akaomba tumuoshe uso, asimukute vibaya. Alikufa macho yakiwa kwenye mulango.

Bwana alifika kwa maziko na lunettes nyeusi machoni. Mbele ya baba zake wadogo alisema alitafuta ile sauti kila mahali, lakini sura mpya ilimufichia. Nilingoja mutu amuulize basi mimi nilifikaje. Hakuna. Wote walitikisa kichwa kwa kumusikitikia. Binamu mumoja akasema hata messages zake zilipotea. Mwingine akatoa téléphone kuonyesha mahali bouton ilikuwa zamani. Wakaanza kushindana nani ameumizwa zaidi na rangi mpya, na mama angali amelala pale ndani hajazikwa. Ningekuwa na maji ya moto ningewamwagia.

Tuliporudi Bukavu, mutandao ulikuwa vile vile, wala haukujua kama kulikuwa mugomo. Bwana ameweka picha ya mama yake kwenye profil, kubwa, vile ile sura mpya inapenda. Wale wagomaji wote wamemuandikia pole, na anawajibu mumoja mumoja. Nilimuuliza kama amesikiliza sauti ya mama. Akasema ataisikiliza akipata nguvu.

Sasa semeki ameanza kushuku. Ameita réunion ya famille hapa kwetu dimanche, Jumapili hii, na ameniambia wazi ataniuliza mbele ya wazee kama nilimufikishia bwana habari ama hapana. Bwana ananibembeleza niseme nilimuambia tu kwamba mama ana homa kidogo. Anasema bibi wa kweli anafunikaka bwana yake.

Nikisema ukweli, famille yake itamukana, na watoto wangu wanabeba jina lake. Nikimufunika, mimi ndiye nitaitwa yule aliyekalia habari ya mama mukwe mpaka akakufa, mimi niliyemuosha uso.

Wapendwa, dimanche niseme nini? Munipe akili. Ila wewe unayetaka kuandika hapa chini kwamba ile sura mpya kweli ilikuwa mbaya, pita tu, sikukuuliza.